Kuhamia Dodoma na kuizoea

Uamuzi wa Serikali kuhamia Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini tangu 2016 ndipo familia nyingi za Dar es Salaam zilipopakia vitanda na masufuria kwenye lori kwa safari ya kilomita zipatazo 450. Lori likishashusha mizigo, kazi ndiyo inaanza.

Mtu wa pwani hushangazwa kwanza na hewa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Kwa hiyo Juni na Julai midomo hupasuka, na usiku mtoto aliyezoea feni hulilia blanketi. Si ugonjwa, mafuta ya kujipaka na sweta vinatosha.

Kinachouma zaidi ni upweke, hasa kwa mama aliyeacha genge lake na majirani wa miaka kumi. Hapo nashauri maboksi yasubiri. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa ukajitambulishe. Ndiye atakayekuandikia barua ya utambulisho siku utakapotakiwa kuwa nayo, na ndiye atakayekuambia msiba uko nyumba gani. Ukishakaa mkekani kwenye msiba wa jirani usiyemjua, kesho yake watu watakuita kwa jina la mwanao.