Ukurasa mzito wa intaneti unavyompoteza mteja wa mbali

MWENYE duka la pembejeo au chama cha ushirika anapoagiza tovuti, mara nyingi huuliza mambo mawili: itagharimu kiasi gani na itapendeza kiasi gani. Ni nadra kuuliza itakuwa na uzito gani. Swali hilo la tatu ndilo lililomshughulisha Chris Zacharias, mtengenezaji wa programu aliyekuwa akifanya kazi YouTube nchini Marekani mwaka 2009. Majibu aliyoyapata, ambayo aliyaandika mwaka 2012, yanamhusu pia mkulima anayetafuta bei ya mbaazi kwa simu ya kiganjani.

Zacharias alikuwa fundi wa upande wa mbele wa tovuti, yaani ile sehemu ambayo mtumiaji anaiona na kuigusa: maandishi, picha, vitufe na fomu za kujaza. Tukifananisha na duka, upande wa nyuma ni ghala na upande wa mbele ni kaunta. Wakati huo ukurasa wa kutazamia video wa YouTube ulikuwa umefikia megabaiti 1.2, na hapo video yenyewe haijaanza. Mhandisi mmoja mwandamizi akalalamika kwamba wapo watu wanaoweza kuandika mchezo mzima wa kompyuta usiofika kilobaiti 100, iweje ukurasa mmoja uwashinde? Zacharias akajiwekea lengo hilohilo la kilobaiti 100.

Uzito huo si maneno ya kitaalamu tu. Kwenye mtandao wa simu unaopitisha kilobaiti 5 kwa sekunde, megabaiti 1.2 huchukua dakika 4. Kilobaiti 98, ambazo ndizo alizofikia hatimaye, huchukua sekunde 20. Aidha, kila picha na kila faili inayoupamba ukurasa huombwa peke yake: simu inauliza, kompyuta ya mbali inajibu. Ukurasa wa zamani ulikuwa na maombi makumi kwa makumi, na mpya ulibaki na 14. Anayeteka maji kisimani anaijua hesabu hii, kwamba kinachochosha si ukubwa wa ndoo tu bali pia idadi ya safari.

Kwa Afrika Mashariki safari hizo zilikuwa ndefu. Mpaka mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009 na kuziunganisha Mombasa na Dar es Salaam, sehemu kubwa ya intaneti ya ukanda huu ilipitia setilaiti zilizo takriban kilometa 36,000 juu ya ikweta. Swali moja na jibu lake vilikula kama nusu sekunde, hata kama mtandao hauna msongamano.

Alichofanya Zacharias hakikuwa uchawi. Aliondoa mapambo, akabakiza video chache zinazohusiana na ile inayotazamwa pamoja na maoni machache ya watazamaji, na chombo kizito cha kuchezeshea video akakibadilisha kwa chepesi. Kisha sehemu ndogo ya watazamaji ikaanza kupelekewa ukurasa huo mpya.

Baada ya wiki moja takwimu zilimshangaza. Wastani wa muda wa kufunguka kwa ukurasa ulikuwa umeongezeka! Ukurasa mwepesi mara kumi na zaidi ulionekana kuwa wa polepole kuliko ule mzito. Karibu akate tamaa, mpaka takwimu zilipopangwa kwa maeneo kwenye ramani. Watazamaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika Kusini, Afrika na hata Siberia walikuwa wameongezeka kupita kiasi. Kwao ukurasa mpya ulichukua zaidi ya dakika 2, ambao ni muda mrefu kweli, lakini wa zamani ungewachukua zaidi ya dakika 20. Hapo kabla hakuna aliyesubiri dakika 20, hivyo hawakuwamo kwenye hesabu kabisa.

Wanaofuatilia masoko ya mazao wanaufahamu mtego huu. Ikijengwa barabara ya kuingia vijiji vya mbali, wastani wa muda wa kufika mnadani unaweza kupanda, kwa sababu mikokoteni iliyokuwa haiji kabisa sasa inakuja. Hakuna aliyecheleweshwa. Anayepima kwa kuwauliza waliofika tu ataandika kwamba barabara imeleta hasara.

Tatizo lenyewe halijakwisha. Simu na mitandao vimeboreka sana tangu 2009, lakini kurasa nazo zimenenepa. Vipimo vya mradi wa HTTP Archive vinaonyesha kwamba ukurasa wa kawaida unaofunguliwa kwa simu sasa umezidi megabaiti 2. Fundi hutengeneza tovuti akiwa mjini, kwenye kompyuta mpya na laini ya kasi, kisha humwonyesha mteja wake kwenye kompyuta hiyohiyo. Kila kitu kinafunguka papo hapo na malipo yanafanyika. Gharama ya uzito analipa mtu asiyekuwepo chumbani, yule anayenunua bando la siku kijijini.

Mara nyingi uzito wenyewe hauna faida kwake. Picha ya mwenyekiti iliyopigwa kwa simu na kupachikwa bila kupunguzwa inaweza kufika megabaiti 3, ingawa kwenye kioo inaonekana kama kiberiti. Jedwali la bei za mazao kumi likiandikwa kwa maandishi ya kawaida halifiki kilobaiti 5. Wapo wanaosema ukurasa wenye picha nyingi humpa mteja imani. Huenda ni kweli kwa mwenye hoteli, lakini muuza mbegu anaaminiwa kwa bei sahihi na namba ya simu inayopokelewa.

Namba hiyo iandikwe kama maandishi, isiwe ndani ya picha, ili mteja aiguse na kupiga. Bei iandikwe pamoja na tarehe na kilo, kwani "bei ya gunia" bila kilo ni mwaliko wa lumbesa. Maandishi ya kijivu juu ya weupe, ambayo mafundi wengi wanayapenda, hayasomeki shambani saa sita mchana. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2008 ilitaka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Na fomu ya kuagiza isifute kila kitu mtandao unapokatika katikati.

Kabla ya kulipa awamu ya mwisho, mwenye biashara anaweza kuazima simu ya bei ndogo kuliko zote nyumbani, aipeleke walipo wateja wake na kuiweka kwenye mtandao wa 2G. Iwe simu ambayo haijawahi kufungua tovuti hiyo, kwa kuwa mara ya pili simu huwa imekwisha hifadhi sehemu ya ukurasa. Aangalie salio la bando, afungue, ahesabu sekunde mpaka bei ya kwanza isomeke, kisha aangalie salio tena fundi akiwa pembeni.