Mbu Amepanda Mlima

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo wengi hudhani ni la wataalamu wa hali ya hewa tu, yaani kuongezeka kwa joto la dunia. Huenda ukauliza, "Jambo hilo linahusiana nini na zahanati?" Linahusiana sana. Tuanze na mfano.

Mama mmoja anaishi kijiji cha juu milimani, mahali pa baridi na ukungu. Usiku mtoto wake anachemka mwili. Mama anasema, "Ni mafua tu, huku kwetu hakuna malaria." Ndivyo alivyofundishwa na bibi yake, na bibi alisema kweli kwa wakati wake. Mama anampa mtoto dawa ya kutuliza homa, anamfunika vizuri, anasubiri. Siku ya tatu mtoto anashikwa na degedege. Je, mama huyu ni mzembe? Hapana. Mlima umebadilika, naye hakuambiwa.

KWA NINI BARIDI ILITULINDA?

Malaria huenezwa na mbu jike aina ya Anofelesi. Akimwuma mgonjwa, hunyonya vimelea vya malaria pamoja na damu. Lakini hawezi kumwambukiza mtu mwingine siku hiyo hiyo. Vimelea lazima kwanza vikomae ndani ya mwili wa mbu, na kukomaa kwake hutegemea joto. Mahali penye wastani wa digrii 25 za Sentigredi, huchukua siku 12 hivi. Penye digrii 20, huchukua karibu wiki 4. Penye digrii 18, karibu miezi 2. Chini ya digrii 16, havikomai kabisa.

Maisha ya mbu ni mafupi. Wengi wao hawamalizi mwezi. Kwa hiyo penye baridi mbu hufa kabla vimelea havijakomaa. Hii ndiyo ngao iliyowakinga kwa miaka mingi watu wa sehemu za juu za Usambara, Kericho na Kabale. Ndiyo maana pia ongezeko la digrii 1 au 2, ambalo mtu wa pwani hata halitambui, ni jambo kubwa milimani. Joto likipanda kutoka digrii 18 hadi 20, muda wa kukomaa kwa vimelea hupungua kwa nusu.

Wataalamu wameyaona haya kwa macho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu nyanda za juu za Ethiopia na Kolombia ulionyesha kwamba katika miaka ya joto zaidi malaria hupanda kwenye vijiji vya juu, na katika miaka ya baridi hushuka. Utafiti mwingine wa mwaka 2023 ulichunguza kumbukumbu za mbu wa malaria barani Afrika kuanzia 1898 hadi 2016. Ulionyesha kwamba mipaka yao imepanda kwa wastani wa mita 6.5 kila mwaka.

Tuseme kweli yote: joto si sababu pekee. Misitu imekatwa, mabonde yenye maji yamelimwa, watu wanasafiri zaidi. Dawa ya klorokwini nayo ilipoteza nguvu, hata Tanzania ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Tena vyandarua na dawa mpya vimeokoa maisha ya wengi tangu wakati huo. Lakini joto humfungulia mbu mlango ambao zamani ulikuwa umefungwa.

JOTO HILI LATOKA WAPI?

Mwenyezi Mungu ameizungushia dunia hewa kama blanketi. Ndani yake mna hewa ukaa kidogo, ambayo huzuia joto la jua lisipotee lote usiku. Bila blanketi hilo dunia ingeganda kwa barafu. Taabu ni kwamba binadamu ameliongeza unene. Kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi katika viwanda, magari na mitambo ya umeme, na kwa kufyeka misitu, tumeongeza hewa ukaa angani. Kabla ya viwanda ilikuwa sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Sasa imepita 420. Mwanasayansi wa Uswidi, Svante Arrhenius, alipiga hesabu za jambo hili tangu mwaka 1896. Mwaka 2021 jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa lilisema kwamba hakuna shaka tena: binadamu ndiye aliyeipasha dunia joto. Mwaka 2024 wastani wa joto ulizidi ule wa kabla ya viwanda kwa karibu digrii 1 na nusu.

Hewa yenye joto pia hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvua ikinyesha huwa kubwa. Mafuriko huchanganya maji ya visima na uchafu wa vyoo, na kipindupindu hufuata. Huamsha pia mayai ya mbu wa aina nyingine yaliyolala miaka mingi kwenye udongo mkavu, na hao huleta homa ya Bonde la Ufa kwa mifugo na kwa watu. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006, homa hiyo iliua watu zaidi ya 100 Tanzania peke yake mwaka 2007.

TUFANYE NINI?

1. Mtu akipata homa, hata kama mnaishi penye baridi, mpelekeni zahanati kabla saa 24 hazijapita, apimwe malaria. Watu wa milimani hawana kinga mwilini kama wa tambarare. Malaria huweza kumwangusha hata mtu mzima mwenye nguvu. Msimeze dawa bila kupima. Akikutwa na vimelea, amalize dozi yote ya dawa mseto hata akijisikia amepona.

2. Kila mmoja alale ndani ya chandarua chenye dawa. Mama mjamzito aulize kliniki habari za chandarua na za vidonge vya SP vya kujikinga.

3. Fukieni madimbwi na mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali. Mbu wa malaria hupenda kuzaa kwenye maji yaliyotuama juani.

4. Baada ya mafuriko, chemsheni maji ya kunywa. Mifugo ikitupa mimba kwa wingi au kufa ovyo, msichinje wala kula nyama hiyo. Mwiteni bwana mifugo.

5. Tuhifadhi misitu ya vyanzo vya maji. Tumieni jiko linalokula kuni kidogo; litaokoa miti, na mapafu ya mama jikoni pia.

NANI ABEBE MZIGO?

Tusidanganyane kwamba kijiji kikipanda miti dunia yote itapoa. Afrika nzima hutoa karibu sehemu 4 tu kwa kila 100 za hewa ukaa inayotolewa leo na viwanda na mafuta duniani, ingawa zaidi ya mtu mmoja kati ya sita duniani ni Mwafrika. Walioweka blanketi hili nene ni hasa mataifa tajiri. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba hali ya hewa ni mali ya wote, na kwamba nchi tajiri zina deni kwa nchi maskini. Kwa hiyo vyandarua, vipimo na dawa tunavyopata si fadhila tu. Ni sehemu ya haki. Viongozi wetu wana wajibu wa kuidai, nasi tuna wajibu wa kuwakumbusha.

Wakati tunadai, tusisahau mtoto anayechemka usiku huu. Jumapili hii, baada ya Misa au katika jumuiya ndogo ndogo, mwambie jirani yako neno moja: "Huku kwetu malaria ipo. Mpime mtoto."