Kipimajoto cha Nyama: Kijaribu Kabla ya Kukiamini

Je, wewe hujuaje kwamba kuku ameiva? Wengi wetu hutazama rangi tu. Lakini ngozi yaweza kuwa kahawia huku vijidudu vya salmonela vingali hai karibu na mfupa, nawe ukaja kuendesha siku moja au mbili baadaye.

Ikiwa unatumia jiko la moshi, lile lenye kifuniko, usitegemee saa iliyobandikwa juu yake. Hiyo hupima hewa, si nyama. Nunua kipimajoto chenye sindano ya kudunga. (Kile cha kupimia homa kiache. Huishia nyuzi 42 hivi, na cha kioo kikivunjika, umejiletea balaa jingine.)

Ukishakinunua, kijaribu. Jaza bilauri barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, kisha tumbukiza sindano bila kugusa bilauri. Kinapaswa kuonyesha nyuzi 0. Kikikosea kwa zaidi ya nyuzi mbili na hakirekebishiki, kirudishe dukani.

Wengine hutumia maji yanayochemka. Ni sawa, ila mkazi wa Nairobi asishangae akiona 94 au 95 badala ya 100. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kabla ya kufika 100. Ndugu yako wa Mombasa ndiye atakayeiona hiyo 100.

Dunga pale paja lilipo nene, mbali na mfupa. Kuku afikie nyuzi 74, nyama ya kusaga 71.