Neno "Unga": Maana Zake na Jinsi ya Kuzitambua

Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kudhani kuwa neno la jikoni lina maana moja tu. Tazama neno *unga* katika kifungu hiki tulichokitunga:

*Jioni moja, Mukuru kwa Reuben, mama aliinjika sufuria jikoni. "Leo tutakunywa uji," akasema. "Hatupiki ugali?" mtoto akauliza. "Baba yenu amemwaga unga." Mtoto akainama, akachungulia sakafuni. Sakafu ilikuwa safi.*

Maana za neno unga

(a) Nafaka iliyosagwa. Ukisongwa kwa maji kidogo huwa ugali. Ukikorogwa kwa maji mengi huwa uji. Nomino hii iko katika ngeli ya U-U: *unga umekwisha*.

(b) Riziki. Wakazi wengi wa Mukuru hutegemea vibarua katika viwanda vilivyo jirani, na ujira wa siku ndio unaonunua pakiti ya unga. Bei ya unga ni jambo zito nchini: mwaka wa 2017 serikali ilitoa ruzuku ili pakiti ya kilo 2 iuzwe kwa shilingi 90. Ndiyo sababu nahau *kumwaga unga* ina maana ya kupoteza kazi.

(c) Dawa za kulevya, hasa heroini: *Vijana wameharibiwa na unga.*

(d) Kitenzi chenye maana ya kufanya vitu vishikamane: *unga mbao*. Pia *kuunga mchuzi* ni kuutia viungo, na *kuunga mkono* ni kukubaliana na mtu. Utakitambua kwa kuwa hunyambulika: *ungwa, ungana, ungika*.

Turudi kwenye kifungu

Mama anatumia maana (b). Mtoto anaelewa maana (a). Hapo ndipo penye kinaya: msomaji anajua lililompata baba, mtoto hajui. Uji nao si chaguo la mapishi tu. Unga uliobaki ni kidogo, hivyo mama anauongezea maji utoshe wote. Mtahiniwa anayeandika kuwa "baba alimwaga unga chini" amekosa nahau, na pamoja nayo maudhui ya ukosefu wa ajira na umaskini.

Kwa hivyo, ukiulizwa maana ya neno *kama lilivyotumiwa*, soma sentensi iliyotangulia na inayofuata kabla ya kujibu.

Zoezi

1. Tunga sentensi moja kubainisha maana mbili za neno *unga*. (alama 2)
2. Eleza jinsi sakafu safi inavyojenga kinaya katika kifungu. (alama 2)