Alfa, Beta na Gama: Ukipewa Dawa ya Mionzi ya Tezi, Ufanyeje?

Leo tuzungumzie mionzi. Neno hili likitajwa hospitali, wengi wetu huingiwa na hofu. Wapo wanaokataa matibabu kabisa, na wapo wanaotibiwa kisha wakarudi nyumbani kupakata mtoto siku hiyo hiyo. Wote hao wanakosea. Wanafunzi wa sekondari nao wasome, maana hili ni somo lao la fizikia.

MIONZI INATOKA WAPI?

Katikati ya kila atomi kuna kiini chenye protoni na, kwa kawaida, nyutroni. Viini vingine havijatulia, na ili vitulie hutoa mionzi. Aina kuu ni tatu:

1. Alfa. Kiini hutoa protoni 2 na nyutroni 2 kwa pamoja. Urani 238 ikitoa alfa inakuwa thoriamu 234. Alfa ni nzito, haifiki mbali; karatasi au ngozi huizuia. Hatari yake ni ikiingia mwilini kwa kuvutwa au kumezwa.

2. Beta. Nyutroni moja hugeuka protoni, na elektroni hutoka kwa kasi. Bati la alumini la milimita chache huizuia.

3. Gama. Hapa hakitoki kipande chochote, hutoka nguvu tu, kama mwanga usioonekana. Hupenya mwili. Kuipunguza kunahitaji madini ya risasi au zege nene.

DAWA YA TEZI

Tezi ya shingoni (thairoidi) ikifanya kazi kupita kiasi, moyo hudunda mbio, mtu hukonda na kutoka jasho. Daktari anaweza kumpa iodini 131. Hospitali za Hamad hapa Doha hutoa tiba hii, na kwetu Dar es Salaam iko Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambako hutumika pia kwa saratani ya tezi.

Tezi hupenda iodini, ile ile tunayoiita madini joto kwenye chumvi, kwa hiyo huivuta dawa yenyewe. Iodini 131 hutoa beta na kugeuka zenoni. Beta hiyo husafiri kama milimita moja au mbili tu, ikaua seli za tezi. Lakini hutoa na gama, ambayo hutoka nje ya mwili na kumfikia aliye karibu nawe. Ndiyo sababu ya masharti.

Kila siku 8 nguvu yake hupungua nusu. Baada ya siku 16 hubaki robo, na baada ya siku 24 hubaki sehemu moja ya nane. Nyingine hutoka kwa mkojo, jasho na mate, kwa hiyo mwilini huisha mapema zaidi.

UFANYE NINI?

- Kabla ya dawa, sema kama una mimba au unanyonyesha. Mjamzito hapewi. Anayenyonyesha huachisha kwanza, wala hamrudishi mtoto huyo ziwani.
- Sema unavyoishi. Kama mnalala sita chumba kimoja Industrial Area, au kazi yako ni kulea watoto wa watu, usione haya. Nesi akijua, mtapanga pa kulala na barua ya mapumziko.
- Lala peke yako, kaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku utakazoandikiwa. Ukisogea kutoka mita 1 hadi mita 2, mionzi inayomfikia mwenzako hushuka hadi robo.
- Kunywa maji mengi, mwaga maji ya choo mara mbili, usichangie kikombe wala taulo.
- Mwanamke asubiri angalau miezi 6 kabla ya kushika mimba.
- Ukisafiri, beba barua ya hospitali. Vipimo vya baadhi ya viwanja vya ndege huweza kulia hata wiki kadhaa baadaye.

Na wewe unayeishi na mgonjwa, usimnyanyapae. Mionzi si ugonjwa wa kuambukiza. Ni suala la umbali na muda. Aliyepigwa eksirei, au aliyechomwa mionzi kwa mashine ya nje, harudi na mionzi mwilini, mkumbatie tu.

Kila mgonjwa ana kipimo chake, kwa hiyo fuata karatasi uliyopewa wewe, si ya jirani. Kama imeandikwa Kiarabu au Kiingereza usichoelewa, omba mkalimani kabla hujatoka hospitali.



Nesi wenu, Doha