Simu na jamaa katika tiba ya uraibu wa heroini

Jamaa wengi huamini kwamba mtu aliyezoea heroini anaweza kuacha wakati wowote akitaka, na akiirudia basi ni ukaidi. Sivyo. Uraibu ni ugonjwa. Heroini hubadilisha utendaji wa ubongo, na mwili unapoikosa mgonjwa hushikwa na arosto: maumivu ya viungo, kutapika, kuhara, jasho na kukosa usingizi.

Nchini Kenya, tiba ya methadoni ilianza kutolewa mwishoni mwa mwaka wa 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi mwaka wa 2015. Dawa hii hutuliza arosto na hamu kwa siku nzima hivi. Kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Ugumu uko hapo. Akikosa siku tatu mfululizo, hafai kurudia kipimo kilekile kabla ya kuchunguzwa upya, kwani huenda mwili hauwezi kukistahimili tena.

Hapa ndipo simu inapofaa. Kengele humkumbusha saa ya dawa, na hamu ikimpanda usiku anaweza kumpigia mshauri au ndugu. Mwaka wa 2018, Marekani iliidhinisha programu ya simu yenye mafunzo ya kushinda hamu, itumiwe pamoja na dawa ya buprenofini na ushauri, wala si badala yake.

Hata hivyo, simu hiyohiyo huwa na nambari ya mwuzaji na pesa za kumlipa. Ni vyema mgonjwa mwenyewe abadilishe laini na, akikubali, jamaa anayemwamini amwekee fedha. Kumpekua simu kwa siri humfanya afiche zaidi.

Jamaa wamsindikize kliniki, wala wasimwite teja. Akiteleza, asifukuzwe nyumbani. Arudishwe kwa wahudumu mara moja.

Kumbuka: aliyeacha kwa majuma kadhaa akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa. Ukimkuta haamki, anapumua polepole au anakoroma, na midomo imegeuka rangi ya buluu, mlaze ubavu, piga simu kuomba msaada na umkimbize hospitali. Dawa ya naloksoni ikitolewa mapema humrudishia pumzi. Swali la nani aliyempa unga lingoje.