Tusiuze historia yetu kwa kilo

Katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, jijini Nairobi, kuna shindano la magari ambalo halihusiani na kasi hata kidogo. Magari hupangwa kwa safu kama wanafunzi gwarideni. Waamuzi huja na karatasi zao, wakafungua boneti, wakachungulia viti, kisha wakainama na kukagua hata upande wa chini, wakitafuta tone la mafuta au chembe ya kutu. Gari la miaka sitini lililotunzwa vyema laweza kulishinda gari jipya lenye thamani ya mamilioni. Shindano hilo huitwa Africa Concours d'Elegance, na lilianzishwa mwaka 1970 na chama cha wenye magari aina ya Alfa Romeo.

Wengi wetu tukisoma habari za shindano hili gazetini hutikisa kichwa na kufungua ukurasa mwingine. Twaona kwamba hiyo ni anasa ya wenye nacho. Mwalimu wa shule ya msingi kule Malava, ambaye wanafunzi wake wanabanana wanne katika dawati moja, ana haki ya kuuliza: gari la kale lililong'arishwa lanifaa nini mimi? Swali hilo ni zuri, na halipaswi kujibiwa kwa dharau. Jibu langu ni kwamba wapenzi wa magari makongwe wameshika ncha moja tu ya jambo kubwa. Wao wamekihifadhi chuma. Sisi wengine tumekataa kuhifadhi chochote: si chuma, si kumbukumbu, wala si maneno ya watu walioendesha na kuyatengeneza magari hayo. Hasara hiyo ni yetu sote, mwalimu wa Malava akiwemo.

Tuanze na hapa Kakamega. Mji huu haukuwahi kuwa na stesheni ya gari la moshi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Baadaye tawi moja likafikishwa Butere, na njia kuu ya kwenda Uganda ikapita kaskazini kupitia Webuye na Bungoma. Dhahabu ilipogunduliwa hapa mwaka 1931 na watu kumiminika kutoka kila pembe, mitambo ya migodi, chakula na wachimbaji wenyewe walilazimika kufika kwa barabara. Mgodi wa Rosterman ulipofungwa mwaka 1952, dhahabu ilikwisha lakini barabara ilibaki. Kwa hiyo miji mingine ya Kenya yaweza kusimulia historia yake kwa reli. Kakamega haina budi kuisimulia yake kwa tairi.

Basi mwanafunzi wetu akitaka kujua habari za reli, atapelekwa kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Huko ataona vichwa vya garimoshi vya mvuke, na hata behewa ambamo afisa wa polisi aitwaye Charles Ryall alinyakuliwa na simba huko Kima mwaka 1900. Je, akitaka kuona lori lililoleta mitambo ya dhahabu, au Peugeot iliyompeleka nyanya yake hospitalini Kisumu, tutamwelekeza wapi?

Nimeitaja Peugeot kwa makusudi, kwa kuwa hakuna gari lililoingia katika maisha ya watu wa magharibi mwa Kenya kama hilo ambalo wengi waliliita Pijo. Sifa zake zilithibitishwa mbele ya macho ya umma. Katika mashindano ya Safari Rally, Peugeot 404 iliibuka mshindi mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 magari 84 yalianza safari, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yalianza 93, na yaliyofika mwisho yakawa saba vilevile. Mvua, matope na mito iliyofurika iliyameza mengine yote. Mkulima aliyesimama kando ya njia akiangalia hakuhitaji tangazo la biashara. Aliona kwa macho yake ni gari gani lililopita na ni lipi lililokwama.

Ndiyo maana 404, na baadaye 504, zikawa teksi za masafa marefu. Zile zenye mgongo mrefu zilikuwa na safu tatu za viti, sehemu ya kufunga mizigo juu ya paa, na springi zilizovumilia mashimo ambayo leo yangelivunja gari jipya la kifahari. Gari la abiria la 404 liliacha kutengenezwa Ufaransa mwaka 1975, lakini hapa kwetu liliendelea kutumika miaka mingi baadaye. Nayo 504 iliunganishwa katika kiwanda cha Mombasa hadi mwaka 2004. Mikono ya Wakenya ndiyo iliyoyafunga magari hayo nati kwa nati. Atakayesema kwamba historia ya magari ni historia ya Wazungu peke yao hajawaza juu ya mikono hiyo.

Wala hajawaza juu ya Joginder Singh. Bwana huyu alizaliwa Kericho mwaka 1932, akaanza maisha ya kazi akiwa fundi wa magari. Mwaka 1965, akiwa na nduguye Jaswant, alishinda Safari kwa gari la Volvo PV544 ambalo lilikuwa limekwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alipofariki mwaka 2013, alikumbukwa zaidi kama dereva. Mimi ningependa akumbukwe kama fundi kwanza. Dereva asiyejua gari linanung'unika nini hawezi kulivusha matope ya siku tatu, hasa gari ambalo wengine wamekwisha kulichosha.

Hapa ndipo taaluma yangu ya isimu inapoingia. Gari lilipofika kwetu halikukuta lugha bubu. Lilikuta lugha ya watu wa bahari, waliokuwa na istilahi zao za kusafiri tangu enzi za majahazi. Usukani ulikuwa wa chombo cha majini kabla ya kuwa wa gari. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana hiyohiyo. Nauli yalikuwa malipo ya kusafiri chomboni. Abiria na shehena walikuwa baharini kabla ya kupanda lori. Neno gari lenyewe lilivuka bahari kutoka Bara Hindi, na karakana lina asili ya Kiajemi. Kwa hiyo kila kondakta anayeita abiria na kudai nauli katika stendi ya Kakamega, maili mamia kutoka pwani, anasema lugha ya manahodha bila kujua.

Upande wa bara nako watu hawakukaa kimya. Neno motokaa lilipokelewa likavishwa nguo za nyumbani. Waganda wakasema mmotoka. Katika baadhi ya lahaja za Kiluhya likawa omutoka, na wingi wake emitoka, kana kwamba ni mti uliomea hapa tangu awali. Sarufi ya Kibantu iliona ile silabi ya mwanzo, ikadhani ni kiambishi cha ngeli, ikaipa wingi wake. Huu ni ushahidi mzuri wa jinsi jamii inavyoupokea uvumbuzi wa kigeni na kuufanya mali yake. Mwanafunzi hahitaji kuvuka bahari ili kujifunza fonolojia na mofolojia. Aende stendi na masikio yaliyo wazi.

Aende pia gereji. Huko, chini ya mti au paa la mabati, mafundi wa jua kali wamejenga msamiati ambao kamusi zetu zimeukusanya kwa uchache mno. Gari linachemsha. Gari linakula oili. Injini inamisi. Injini imenoki. Baadhi ya walimu wa lugha watakunja uso na kuyaita maneno haya takataka za mtaani. Nawaomba wayatazame upya. Kitenzi kunoki kimekopwa, naam, lakini kinanyambulika kwa utii wote wa sarufi yetu: ilinoki, itanoki, isinoki. Nayo matumizi ya kula na kuchemsha ni sitiari zilizokomaa, zinazoligeuza gari kuwa kiumbe chenye tumbo na homa. Lugha ya mafundi ni lugha ya kazi, na lugha ya kazi aghalabu ndiyo yenye uhai kuliko zote.

Lakini uhai huo unategemea kazi yenyewe. Magari ya zamani yalitumia kabureta, na fundi alirekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa kwa bisibisi na sikio. Aliisikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Magari ya leo hupimwa kwa kompyuta, nayo kompyuta hutoa namba ya kosa. Silaumu maendeleo hayo. Hewa tunayovuta ni safi zaidi kwa sababu yake. Nasema tu kwamba maarifa ya sikio lile hayakuandikwa popote. Yamo katika vichwa vya wazee, na kila mzee anapozikwa maarifa huzikwa pamoja naye, na maneno yake pia.

Hali kadhalika chuma chenyewe kinatoweka. Gari kuukuu lililolala nyuma ya nyumba huitwa chuma chakavu, likakatwa vipande na kuuzwa kwa kilo. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya chuma chakavu mnamo Januari 2022, kisha ikairuhusu tena mwezi wa Mei mwaka huohuo, shabaha ilikuwa kulinda nguzo za umeme na mali nyingine ya umma. Hakuna aliyetarajia marufuku hiyo ilinde historia. Tena tukumbuke kwamba kwa kanuni zetu gari lililozidi umri wa miaka minane haliruhusiwi kwa kawaida kuingizwa nchini. Kanuni hiyo ina sababu zake nzuri, lakini matokeo yake ni kwamba gari kongwe likikatwa hapa, si rahisi kupata mbadala wake kutoka nje. Lililokwenda limekwenda.

Tuna mfano wa karibu wa jinsi tunavyosahau. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata likiwa baya wa sura au la mwendo wa pole. Mwaka 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa kwa umma. Fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, na mradi ukafifia. Wengi hutaja jambo hili ili wacheke. Mimi naona kwamba mhandisi kijana angejifunza zaidi kwa kulichunguza moja la magari hayo sehemu kwa sehemu, ajue kilichowezekana na kilichoshindikana, kuliko kwa kusoma vitabu kumi vinavyosifu viwanda vya ng'ambo. Jaribio lililoshindwa nalo ni somo, maadamu limehifadhiwa.

Kuna watakaonipinga kwamba kuyaenzi magari makongwe ni kuutamani ukoloni. Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Mashindano yaliyokuja kuitwa Safari Rally yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, wakati Kenya ikiwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Wachache walikuwa wakishindana kwa magari huku maelfu wakiwa vizuizini. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuihifadhi historia hii yote, si ya kuitupa. Mtu anayelipenda gari la kale kwa dhati atauliza lilikuwa la nani, nani alilisukuma likikwama, nani aliichimba barabara na kwa ujira gani, na ni wangapi walipoteza maisha juu yake. Asiyeuliza hayo anapenda rangi tu.

Tufanye nini basi? Katiba ya mwaka 2010 imeziweka makumbusho miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Si lazima tungojee jumba kubwa la mamilioni. Banda moja lenye paa imara, lori moja, Pijo moja, vifaa vya fundi na picha za zamani vyatosha kuwa mwanzo. Vyuo vyetu vya ufundi vyaweza kulichukua gari moja kuukuu na kulifufua kama zoezi la wanafunzi, chini ya uongozi wa fundi mzee anayelipwa na kuheshimiwa kama mwalimu. Na ninyi walimu wa Kiswahili, badala ya kuwapa wanafunzi insha juu ya mambo wasiyoyajua, watumeni kwa mafundi na madereva wastaafu wakiwa na daftari. Waandike neno, maana yake, sehemu ya gari inayohusika na kisa kinachoambatana nalo. Madaftari ya shule ishirini yakikusanywa pamoja, tutakuwa na msingi wa kamusi ambayo hakuna profesa awezaye kuitunga akiwa ofisini.

Kazi hiyo haidai utajiri wala gari la kuonyesha Ngong. Inadai unyenyekevu wa kumfuata fundi pale alipo, naye mara nyingi yuko chali chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. Wahenga walikwisha kutupa agizo: mtaka cha mvunguni sharti ainame.